Namba ya Saba

Msibani kwa mzee Mgaya, pale Njombe, nilipewa sahani ya viazi na maharage nikaishika mapajani mpaka ikapoa. Baridi ya Njombe haimsubiri mtu. Ukizubaa kidogo tu, mafuta yanaganda ukingoni mwa sahani. Mama mmoja wa kwaya aliyekuwa akigawa chakula aliniuliza kama naumwa, nikamwambia hapana, ni uchovu wa safari. Ulikuwa uongo. Nimevuka miaka arobaini, nina watoto wawili wanaonicheka kwa jambo hili, na bado siwezi kula kiazi nisichojua kililala wapi kabla ya kuingia sufuriani. Kulia kwangu alikuwa ameketi Ezekia, ambaye sikuwa nimemwona tangu tulipoachana Makambako, sasa ana kipara na miwani. Nikachungulia sahani yake. Maharage yalikuwa yamekwisha, viazi vyote vilikuwapo. Aliona ninavyotazama, akakifunika kimoja kwa kijiko kama mtoto aliyefumaniwa.

Mwaka ule wa Makambako nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilikuwa na kazi ambayo sikuweza kumweleza mtu akaelewa. Tulipanga vyumba viwili nyuma ya duka la pembejeo, kwa hiyo tulishinda tukivuta harufu ya mbolea na dawa za mahindi, huku upepo wa Makambako ukipigapiga bati juu ya vichwa vyetu kana kwamba unadai kitu. Chumba cha mbele kilikuwa na meza mbili na ubao. Cha nyuma kilikuwa na kompyuta iliyokaa juu ya matofali, pamoja na simu tatu zilizofungwa kwa waya, ambazo ndizo zilizopokea maswali. Mkulima alituma ujumbe kwa simu yake ya tochi: majani ya viazi vyangu yameungua, nifanyeje? Mashine ilisoma, ikatafuta katika maarifa tuliyoipa na katika kurasa za mtandao, kisha ikamjibu yenyewe, bila mtu kugusa kitufe. Leo watoto wangu wanaiuliza simu mpaka namna ya kukaanga yai. Wakati ule simu za kupangusa zilikuwa za watu wachache, na wageni waliokuja ofisini waliinama kutazama zile simu tatu kama watu wanaochungulia kisima. Mimi ziliniogopesha tangu siku ya kwanza. Niliogopa kitu kinachomjibu mtu bila kumwona usoni. Lakini niliogopa zaidi kukosa kazi, kwa hiyo nilinyamaza.

Ezekia, aliyekuwa fundi wa mashine, aliiita kazi yetu kuunganisha ontolojia. Mzee Mgaya alikuwa bwana shamba mstaafu, Mbena wa upande wa Lupembe, mtu mrefu aliyevaa koti moja la sufu masika na kiangazi, na hakulipenda neno hilo hata kidogo. Yeye alisema ukoo. Alisema mashine haijui kitu, kwa hiyo lazima iambiwe nani mtoto wa nani: kiazi ni mtoto wa mazao, nondo wa viazi ni mtoto wa wadudu, wadudu hushambulia mazao, na mazao hukaa mahali. Ukishaieleza ukoo wote, mashine itaweza kutambua yenyewe hata jambo ambalo hukuiambia. Tulikuwa na koo mbili. Ya kwanza ilikuwa ya wataalamu, ambayo mzee aliipanga kutoka kwenye vitabu vyake: magonjwa, dawa, vipimo, na siku za kusubiri kabla ya kula kilichowekewa dawa. Ya pili niliikusanya mimi kwa miguu yangu, kwa wachuma chai wa Lupembe, kwa wakulima wa mahindi wa Wanging'ombe, na kwa akina mama wa viazi kule Makete. Hii ilieleza jinsi watu wenyewe wanavyovigawa vitu vyao na wanavyoviweka. Kazi yangu ilikuwa kuandika kadi: kitu hiki cha ukoo huu ndicho kile cha ukoo ule. Kadi ikishapata saini yangu na saini ya mzee, Ezekia aliiingiza kwenye mashine na mambo yakawa yamekwisha.

Siku nilipoanza kazi, mzee Mgaya alichukua kadi tupu, akaigongagonga mezani. “Binti,” akaniambia, “kabla hujaozesha koo mbili, kaulize kwanza wanakula nini na hawali nini. Mengine watafundishana wenyewe.” Nilicheka. Niliona ni maneno ya wazee, ya kupamba mazungumzo, kama yale ya harusini.

Mchana tulikula kwenye mgahawa wa jirani, kibanda cha mbao chenye benchi mbili, ugali na maharage siku zote na makande siku za Alhamisi. Huko ndiko nilikojua mambo mengi ya ofisini kuliko ofisini kwenyewe, kwa sababu Ezekia alizoea kutoka nje kuongea na simu na upepo ulituletea sauti yake. Siku moja nilimsikia akimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba ndiyo, anajua, maswali mengi mno yanarudi bila jibu, na kwamba wale wageni wanaotoa pesa za kazi wakija watakuta hali imebadilika. Akarudi akala makande bila kuinua uso. Mzee Mgaya hakumwuliza, mimi sikumwuliza, lakini kijiko changu kilikuwa kizito. Kama wageni wangeondoka hawajaridhika, vyumba vile viwili vingefungwa na mimi ningerudi nyumbani kusimulia kwamba kazi niliyoshindwa kuieleza imekwisha.

Basi wiki ile niliandika kadi kwa pupa. Niliandika asubuhi, niliandika nikinywa chai, niliandika mpaka macho yakauma. Kadi moja ilihusu Makete. Nilikuwa nimewauliza akina mama wa kule wanaweka wapi mbegu za viazi, na wote walinijibu darini, juu ya jiko, ambako moshi unafika. Katika ukoo wa wataalamu kulikuwa na ghala la mbegu. Nikaandika: dari la Makete ndilo ghala la mbegu. Naikumbuka kadi yenyewe, kona moja ilikuwa na alama ya mafuta ya chapati. Mzee Mgaya aliisaini akiwa amesimama, kikombe mkono wa pili, akasema hata kwao Lupembe mahindi ya mbegu hutundikwa peke yake na hakuna anayeyagusa. Ezekia akaiingiza kabla ya chakula cha mchana.

Kuanzia siku ile majibu yalianza kutoka kwa wingi. Tulishinda tukizisikiliza zile simu tatu zikilia tii, tii, na kila jibu lililotoka Ezekia aliweka alama ubaoni. Siku moja asubuhi kuna mtu aliuliza kuku wake wanakufa wanatetemeka shingo, afanyeje. Kabla hata sijamaliza kusoma swali, mashine ilikuwa imekwisha mjibu kwamba dalili zinafanana na kideri, atenge wagonjwa, awachanje wazima. Ezekia alipiga makofi. Na mimi nilipiga makofi. Sikutazama namba iliyouliza. Kwa nini ningeitazama?

Mchana wa siku hiyohiyo, mgahawani, alikuwapo mama mmoja wa Makete aliyeleta magunia ya viazi kuuza. Alikuwa akinywa chai na kumtania mwenye mgahawa kwamba watu wa Makambako wamenenepa kwa sababu hawajui mwezi wa ngazi. Mwenye mgahawa akauliza mwezi wa ngazi ndiyo nini. Yule mama akaeleza kwamba viazi vya shambani vikiwa bado vichanga na vya kula vimekwisha, watoto hushinda wakiitazama ngazi ya kupandia darini. Mama wa nyumba hupanda mwenyewe, hakuna mwingine anayeruhusiwa, akapunguza vya kupika na kuacha vya kupanda. Mwenye mgahawa akashangaa. “Mnakula mbegu?”

“Kwani mbegu ni nini?” yule mama akasema. “Ni viazi vilivyobaki watoto wakishashiba.”

Watu walicheka. Mimi niliikumbuka ile kadi yangu. Nilikuwa nimewauliza wanaweka wapi mbegu. Sikuwauliza nini kingine kinatoka kwenye dari hilo. Niliacha ugali pale, nikakimbia ofisini, nikafungua orodha ya majibu yaliyokwisha tumwa, nikikosea neno la siri mara mbili. Yalikuwapo. Watu saba kutoka Makete walikuwa wameuliza kuhusu nondo wa viazi darini, na wote saba walijibiwa vivyo hivyo. Waliambiwa wanyunyizie ile dawa ya unga ya kuulia wadudu wa ghalani, vijiko kadhaa kwa kila gunia, wachanganye vizuri. Kuhusu siku za kusubiri kabla ya kula, mashine haikusema chochote. Ilikuwa imefikiri sawasawa kwa mujibu wa ukoo tuliouozesha: dari ni ghala la mbegu, mbegu haziliwi, basi hakuna cha kusubiri. Jibu la zamani zaidi lilikuwa limetoka siku nne nyuma.

Nilimwambia Ezekia azime mashine. Alisema haiwezekani, wageni wanakuja kesho kutwa, tuifute kadi moja tu na tuendelee. Sauti yake ilikuwa nyembamba, na niliona kwamba anaogopa kama mimi, ila anaogopa kitu kingine. Nikasema tena. Akaanza kunieleza ni kadi ngapi zimejengwa juu ya ile moja. Hapo mzee Mgaya aliingia akiwa bado anajipangusa mdomo, akasikiliza, akaenda kwenye orodha akasoma lile jibu mpaka mwisho, akarudia kulisoma. Kisha akaketi taratibu kwenye matofali ya akiba. “Zima,” akasema. “Saini ni yangu.” Ezekia akazima, na zile simu tatu zikanyamaza kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi.

Tulianza kupiga. Watano walipokea. Wawili hawakuwa wamepata dawa, mmoja alikuwa amenunua lakini hajaifungua, mmoja aliiweka jana yake na hawakuwa wamekula, na wa mwisho alicheka akasema simu haiwezi kumfundisha viazi. Sijawahi kumpenda mtu asiyenijua kama nilivyompenda yule. Namba ya sita haikupatikana, lakini iliandikishwa kwa jina la Mama Eliza, na kijiji chake kilikuwapo, mbele ya Iwawa. Namba ya saba nayo haikupatikana. Yeye hakuwa ameandika jina wala kijiji, neno Makete tu na swali lake.

Mzee Mgaya alikuwa na pikapu kuukuu. Tuliondoka palepale, tukamwacha Ezekia aendelee kuipiga namba ya saba. Njombe tulipita bila kusimama. Kupanda kwenda Makete, ukungu ulitufunika, na mzee aliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha ili aone ukingo wa barabara. Mimi nilikuwa nahesabu milo. Siku nne, milo miwili kwa siku, labda mitatu, labda watoto watatu, labda watano, na kila hesabu iliyofika mwisho niliianza upya na watoto zaidi. Nilisali pia, sala ya woga, ya kuahidi mambo ambayo sikuyatimiza. Iwawa tulisimama kuuliza njia.

Nyumba ya Mama Eliza ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na jiko lake lilijengwa kando, limejaa moshi. Tuliikuta jioni jua bado halijazama. Alikuwa mwanamke wa umri wa dada yangu, mchangamfu, aliyejifunga kitenge juu ya sweta. Mzee alimsalimu kwa Kikinga, lugha ya kule, chake cha kuungaunga, na yule mama akafurahi sana, akatukaribisha motoni. Kwenye mkeka kulikuwa na mtoto wa miaka minne hivi amelala kiubavu, mate yakimtoka pembeni mwa mdomo. Huyo ndiye alikuwa Eliza. Mama yake alisema ana tumbo, ametapika tangu asubuhi, labda ni hali ya hewa. Kisha, kwa sababu sisi ni wageni na mgeni hakai hivihivi, aliipua sufuria akatuwekea viazi vilivyomenywa, vinatoa mvuke, akatia chumvi.

Nakumbuka sahani ilikuwa ya bati, ya bluu, imebanduka rangi. Niliitazama, nikatazama ngazi iliyoegemezwa ukutani, nikatazama juu. Mzee alikuwa ananitazama mimi. Nilitaka aseme yeye, mkubwa, mwenye koti, mwenye lugha. Aliniegemea akanong'ona: “Mwambie wewe. Mashine haina kinywa.”

Nikamwuliza Mama Eliza kama ile dawa aliyoambiwa kwenye simu aliiweka. Akasema aliiweka, siku tatu sasa, na nondo wote wamekufa, akatushukuru. Akasema ile simu ina akili sana, ila kwenye kuku haikumsaidia, maana wote sita wamekufa kabla hajapata chanjo. Nikauliza kuku walikula nini. Alinishangaa. Kuku wanakula nini? Maganda.

Hapo ndipo nilipokumbuka makofi yangu. Yeye ndiye aliyeuliza kuhusu kuku. Aliuliza swali la pili kwa mashine ileile, kwa namba ileile, akituletea mwenyewe habari ya kosa letu mpaka mezani kwetu, na sisi tukamjibu kideri, tukashangilia. Hatukuwa tumeifundisha kwamba maganda ya swali la kwanza huliwa na kuku wa swali la pili. Nilimweleza yote, kwa Kiswahili kibaya cha mtu anayelia. Nilimweleza kuhusu dari na ghala, kuhusu kadi, kuhusu saini mbili. Mzee alikuwa amekwisha mbeba Eliza, anampeleka kwenye pikapu. Mama Eliza alichukua sahani kutoka mikononi mwangu, akaiweka chini mbali na mlango. Hakupandisha sauti.

“Mimi nimewauliza maswali mawili,” akasema. “Ninyi hamkuniuliza hata moja.”

Tulimfikisha mtoto zahanati ya Iwawa, na mganga aliyekuwa zamu akamshughulikia usiku kucha huku sisi tumekaa kwenye benchi. Alisema kumenya ndiko kulikomwokoa, kwani dawa nyingi iliishia kwenye maganda. Asubuhi Eliza aliomba uji. Tulirudi nyumbani kwao tukavishusha viazi vyote kutoka darini, tukachimba shimo refu, tukavifukia, na wiki iliyofuata mzee alileta magunia ya mbegu kwa pikapu yake. Wageni walifika Makambako wakakuta simu tatu zimezimwa na Ezekia amekaa mbele yake. Aliwaambia ukweli, sifa hiyo ni yake. Vyumba vile vilifungwa kabla ya mwaka kwisha. Nimefanya kazi za namna hiyo tangu wakati ule, sehemu mbalimbali, na vijana ninaowafundisha huniona kero, kwa sababu sikubali mashine imjibu mtu kabla haijamwuliza jambo. Kuuliza si ujinga, huwaambia, wanacheka kama nilivyocheka mimi.

Lakini namba ya saba haikupokelewa. Tuliipiga wiki nzima, mwezi mzima. Mzee alizunguka na pikapu katika vijiji kadhaa akiuliza nani alituma swali la nondo, tukatangaza kanisani, hakujitokeza mtu. Hatukusikia habari ya kifo, na hatukusikia habari ya uzima. Mzee aliniambia niache kuisumbua roho yangu, huenda mwenye namba alipoteza simu mtoni akasahau habari zetu. Nilimwamini, au nilitaka kumwamini, na baada ya mwaka huo niliacha kupiga.

Watu walipoanza kutawanyika msibani, mjane wa mzee aliniita ndani. Chumba kilikuwa na harufu ya lile koti la sufu, lilikuwa bado limetundikwa nyuma ya mlango. Alinipa daftari dogo lenye jalada gumu, akasema, “Mwanangu, hili hakutaka tulitupe. Alisema nikupe wewe, Upendo.” Nikadhani ni kumbukumbu zake za shamba. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na namba moja ya simu, kwa mwandiko wake wa kulala, nami niliitambua kabla sijamaliza kuisoma. Chini yake kulikuwa na tarehe, na mbele ya kila tarehe mkwaju mmoja wa penseli. Jumapili baada ya Jumapili, ukurasa baada ya ukurasa, miaka yote ile ambayo mimi nilikuwa nimeacha. Mjane alisema kila akitoka kanisani alikaa kwenye kiti kile, akapiga simu isiyopokelewa, akaandika, ndipo akala. Mjane alidhani ni mdeni wa mumewe. Mikwaju ya mwisho ilikuwa imepinda, ya mtu aliyeshindwa kuishika penseli.

Nilitoka nje na daftari. Ezekia alikuwa bado pale pale, na sahani zetu mbili chini ya benchi. Nilimwonyesha. Alisoma kurasa chache, akavua miwani. Nikatoa simu yangu, nikaandika ile namba tarakimu moja moja, nikaiweka sikioni. Sauti ya yule dada wa mtandao ikasema namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Nikamwomba Ezekia penseli. Haikuwa Jumapili, lakini niliandika tarehe.